Manamba Sitini

Kabla ya jeshi la manamba, Precious alikuwa ameshayaacha majeshi matatu njiani. La kwanza lilikuwa la makombe ya konokono wa baharini, akalitupa yalipoanza kunuka. La pili aliliunda kwa kete za sataranji alizookota gulioni, lakini farasi walikuwa wanne tu, naye alihitaji wanane. La tatu hakupenda hata kulizungumzia. Alikuwa na miaka thelathini na moja, fundi wa meno bandia katika kliniki ya Dokta Nasri mjini Tanga, na mikono yake haikujua kukaa bure. Akiketi bila kitu cha kuchonga, goti lilianza kucheza lenyewe.

Mchezo wenyewe uliletwa na Mwalimu Tahiri, anayefundisha hesabu sekondari. Alirudi nao kutoka masomoni, kitabu kinene cha sheria na sanduku la askari wadogo, kila mmoja urefu wa kidole gumba. Mnakaa wawili, kila mtu na jeshi lake, na meza ndiyo uwanja wa vita. Mwendo mnaupima kwa rula, mapigo mnayaamua kwa dadu. Kitabuni mna majeshi sita. Unachagua moja, unaandika orodha ya vikosi vyako, kisha unatafuta askari wa kuvijaza. Lakini askari halisi waliagizwa ng'ambo, na wakiagizwa walikaa njiani miezi. Kwa hiyo watu tisa waliokutana kila Jumamosi mtaa wa Mabawa, kwenye chumba cha nyuma cha duka la Asmahani la madaftari na kalamu, walicheza kwa vibadala. Tahiri aliwawekea masharti mawili. Kitako cha kila kibadala kiwe na ukubwa ulioandikwa kitabuni. Na anayekaa upande wa pili wa meza ajue anatazama nini bila kuuliza.

Mwaka huu yalikuwa yanakuja mashindano, na wageni kutoka Pangani, Moshi na Mombasa. Tahiri akaongeza sharti la tatu.

"Jeshi zima liwe na wazo moja," aliandika kwenye kundi la simu. "Sitaki pilau. Liwe ukoo mmoja, liwe na kwao."

Precious alichagua jeshi linaloitwa Wafufuka. Kitabuni wamechorwa mifupa mitupu yenye kofia za chuma. Ni maiti wanaotembea. Wanaanguka ovyo, ila ni wengi, na mwisho wa kila zamu unarusha dadu kwa kila aliyeanguka. Ikija tano au sita, anainuka na kurudi mstarini. Alitafuta sura ya kuwapa watu wengi, wembamba, wenye mapanga, wasio na chochote kingine. Siku moja akiwa kazini akakumbuka picha iliyokuwa ukutani kwa mama yake kule Maramba. Babu yake, Lucas, akiwa kijana, amesimama mbele ya shamba la mkonge na panga mkononi. Lucas alitoka Songea kwa lori, yeye na wenzake, wakaandikishwa kukata mkonge, na kila mmoja akapewa namba ya kuitwa asubuhi. Ndiyo maana watu wakawaita manamba.

Wazo lilimshika kwa namna ambayo yale matatu hayakumshika. Alichonga mifano minane kwa nta. Mmoja ameinama anakata, mwingine ana mzigo wa majani begani, mwingine anafuta jasho, wengine wana fito badala ya pinde au wamepanda punda badala ya farasi. Akaifanyia kalibu za plasta kama anavyofanya kwa meno, akamimina akriliki ya waridi inayotengenezewa ufizi, mabaki ambayo Dokta Nasri alimruhusu kuchukua. Wakatoka watu sitini wa rangi ya ufizi. Akawapaka rangi mmoja mmoja, na mbele ya kila kitako akachora namba kwa ncha ya kisu cha nta, kuanzia moja hadi sitini. Mfalme wa Wafufuka alimfanya babu yake. Huyo hakuwa na namba.

Jumapili, siku sita kabla ya mashindano, mama yake alikuja kutoka Maramba. Bi Consolata alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na Jumanne alikuwa na miadi kliniki ya macho. Aliingia, akavua viatu, akanywa maji, kisha akauliza ni nini kimepangwa dirishani, maana aliona kama kuna kitu kinachozuia mwanga.

"Ni watu, Mama. Nimewatengeneza."

Bi Consolata akachukua mmoja. Hakumpeleka machoni. Alimgeuza vidoleni, akamshika mgongo, akateremka hadi magotini, akapanda hadi kwenye mkono ulioshika panga.

"Huyu anakata mkonge," akasema.

"Umejuaje?"

"Mtu anayekata kuni hainami hivi. Mkonge una mwiba kwenye ncha, unakata huku umeukwepesha uso." Akamrudisha, akachukua mwingine. Alikaa nao kiasi cha nusu saa, akiwashika wote. Alipompata yule wa katikati, vidole vyake vilirudi mgongoni mara ya pili.

"Huyu ni babu," Precious akasema.

"Najua huyu ni nani. Umempata mgongo." Kidole gumba chake kikapita mbele ya kitako cha jirani yake. "Hawa umewawekea namba."

"Si ndivyo walivyoitwa?"

"Ndivyo walivyoitwa," mama akasema, akamweka mtu chini.

Precious alifurahi siku ile. Aliosha vyombo akiimba. Hakuwa amemweleza mama yake jeshi lile ni la nini. Alisema tu kuna mashindano.

Jumatatu jioni Asmahani alikuja kwa mazoezi na jeshi lake la walinzi wa mji, aliowakunja kwa waya na kuwavisha vipande vya kanga. "Shikamoo, mama," akasema mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani. Wazazi hawajambo?"

"Hawajambo, mama."

Wakaisogeza meza katikati ya chumba. Bi Consolata alikaa kwenye mkeka karibu na mlango, anasikiliza dadu zikigonga mbao. Kwa muda hapakuwa na neno ila inchi na mapigo. Kisha Asmahani akapata bahati nzuri, akawalaza manamba saba kwa mara moja.

"Haya," akasema, "maiti wako saba wako chini. Fufua."

"Maiti gani?" Bi Consolata akauliza.

Asmahani alidhani anaulizwa sheria. "Hawa wa Precious, mama. Wao wameshakufa, ndiyo maana hawaogopi kitu. Ukiwaangusha anarusha dadu, wengine wanaamka, wanarudi kazini."

"Na yule wa katikati?"

"Yule ndiye mfalme wa maiti. Yeye akiwepo wanaamka wengi zaidi." Akageuka kumtazama Precious, akauona uso wake, akaiweka rula chini.

Precious alikuwa na dadu saba mkononi. Hakuzirusha. Mama yake aliinuka, akasema amechoka, akaingia chumbani. Asubuhi, Precious alipoamka kuchemsha chai, mkeka ulikuwa umekunjwa na mkoba haupo. Jirani alimwambia mama ameondoka na gari la kwanza la Maramba.

Siku nzima ile simu ya mama iliita bila kupokelewa. Precious alifika kazini, akatoka kumpigia, akarudi, akatoka tena. Saa ya miadi ya macho ilipofika alikuwa amesimama uani kliniki, anatembea kati ya tangi la maji na ukuta, hatua nane kwenda, hatua nane kurudi. Jioni hakuwagusa wale watu. Aliwageuzia mgongo, halafu akaona vibaya kuwageuzia mgongo, akawafunika kwa taulo, kisha akalitoa taulo kwa sababu walionekana kama waliofunikwa sanda.

Jumatano Dokta Nasri alimwita. Alikuwa ameshika meno ya juu ya Bi Semeni, mteja aliyekuwa anasubiri ukumbini.

"Precious, hebu tazama."

Alitazama. Magego ya kulia alikuwa ameyapanga kushoto, na ya kushoto kulia.

"Huyu mama akivaa haya atatafunia sikio," Dokta Nasri akasema. Hakuwa amekasirika. "Una mgonjwa nyumbani?"

"Mama yangu ameondoka kabla ya kwenda kuona daktari. Nimemkosea."

"Basi nenda ukamwone. Meno haya nitayarekebisha mwenyewe. Hapa leo hunifai."

Alifika Maramba alasiri. Bi Consolata alikuwa amekaa barazani na ungo wa kunde, anatoa mawe kwa vidole. Precious akaamkia, mama akaitikia, akaendelea na ungo.

"Mama, daktari amekubali uje Jumatatu. Nimeongea naye."

"Nitakuja."

"Na lile jingine..."

"Kabla ya lile jingine, kaa kwanza, usinisimamie kama askari."

Precious akakaa. Goti likaanza. Mama yake akalikandamiza kwa kiganja, kama alivyokuwa akifanya kanisani binti yake alipokuwa mtoto, hadi likatulia.

"Baba alikuwa na rafiki yake, Noa," Bi Consolata akasema. "Walitoka kijiji kimoja, walipanda lori moja. Noa alikuwa mia mbili na saba. Akashikwa na homa, siku ya nne akafa. Wakamzika jioni. Asubuhi wakasimama kuitwa, nyapara akaita, mia mbili na saba. Kimya. Akaita tena. Baba akasema, huyo tumemzika jana. Nyapara akapiga mstari, akaendelea na mia mbili na nane."

Akaokota jiwe, akalitupa uani.

"Wiki ya pili lori likaleta watu wengine. Asubuhi wakasimama. Nyapara akaita, mia mbili na saba, na mtu akaitika. Kijana mgeni kabisa, wala hajui kuna Noa. Baba alinisimulia mara moja tu maishani mwake. Alisema alitamani kumpiga yule kijana, na yule kijana hakuwa na kosa lolote. Wakakata mkonge mstari mmoja miaka mitatu, baba hakuwahi kumwita jina."

Bi Consolata akautikisa ungo.

"Sasa mimi nimekaa pale mlangoni kwako, namsikia yule binti anasema wakianguka wanaamka, wanarudi kazini. Na baba yangu ndiye anayewaamsha."

"Sikujua, Mama."

"Najua hukujua. Ungekuwa unajua tusingekuwa tunaongea."

"Nitawavunja. Nikirudi leo nawavunja wote."

"Nani amekwambia uvunje? Mtu aliyeupata mgongo ule hawezi kuvunja. Waache. Lakini usiwapeleke huko wakafe mbele za watu, wainuke, wafe tena. Hilo sitaki."

Hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Precious aliinuka akaanza kuzunguka uani, akimweleza mama yake na kujieleza mwenyewe. Orodha za majeshi zilishapelekwa kwa Tahiri na kufungwa. Asingeweza tena kuchagua jeshi jingine kitabuni. Lazima acheze Wafufuka. Angeweza kujitoa, lakini alikuwa ameshajitoa kwenye mambo mengi. Angeweza kubadilisha askari, lakini zimebaki siku tatu, na ni kitu gani hicho kinachoanguka na kuinuka ambacho si mtu?

"Unanizungusha kichwa," Bi Consolata akasema. "Nenda dukani kaniletee chumvi."

Njia ya dukani ilipita pembeni ya shamba la zamani, lililoachwa miaka mingi, mkonge umezeeka na magugu yameingia. Hapa na pale, katikati ya majani yaliyokauka, ilisimama ile nguzo ndefu ambayo mkonge huitoa mara moja tu, kisha unakufa. Precious alikuwa ameziona tangu utotoni, hakuwa na haja ya kuzitazama. Alizitazama kwa sababu alikanyaga kitu. Chini ya nguzo iliyoinama, ardhi yote ilikuwa imejaa vichipukizi vilivyodondoka kutoka matawini, mikonge midogo kamili, majani manne matano kila mmoja, kila jani limechongoka. Akaokota mmoja. Ulikuwa na urefu wa kidole gumba.

Alirudi bila chumvi. Akamwekea mama yake ule mkonge mdogo kiganjani.

Bi Consolata aliufinya kidogo kwenye kitako chake, mahali mizizi inapoanzia. "Hivi tuliviokota sisi, watoto wa kambini. Tunavijaza kwenye debe, vinapelekwa kitaluni. Ukiviacha juani mwezi mzima havifi. Ukivitupa jalalani vinaota jalalani." Akaugeuza. "Unavitaka vya nini?"

"Mkonge ndio uwe jeshi. Mkonge wenyewe. Ukate, urudi. Watu wasiwepo kabisa."

Mama yake alipitisha kidole kwenye ncha ya jani.

"Huo uite maiti utakavyo," akasema mwishoni. "Huo haunidai heshima. Nipe kanga, jua bado lipo."

Wakaenda wote wawili. Macho ya Bi Consolata hayakuona nguzo, lakini vidole vyake vilikwenda vyenyewe kwenye majani makavu, na alikuwa na kasi kuliko binti yake. Alichagua. Vilivyopinda alivitupa, akasema havisimami. Precious akampigia Tahiri simu pale pale shambani.

"Mimea?" Tahiri akauliza.

"Mimea, Mwalimu. Mikonge midogo. Orodha ni ile ile."

"Precious, umebadilisha mara ngapi?"

"Hii ni ya mwisho."

"Sharti unalijua. Nikikaa upande wa pili, nijue nani ana panga na nani ana upinde, bila kukuuliza. Majani ni majani. Nitakagua Jumamosi asubuhi, na kitakachonishinda kukitambua kitatoka mezani."

Alhamisi na Ijumaa alifanya kazi kama mtu anayekimbizwa. Mchana alitengeneza meno, na safari hii aliyahesabu mara mbili. Jioni Asmahani alifunga duka mapema, akaja kumsaidia. Alikuwa ameomba radhi mara nne, na mara ya nne Precious alimwambia ashike mkasi. Vitako alivimimina kwa akriliki ya ufizi, akaisimamisha mikonge ndani kabla haijaganda. Wa mapanga aliwakata majani mawili yakabaki mawili yamesimama kama mikono. Wapiga mishale aliwachomekea miiba mitatu mitatu, ile myeusi migumu ya ncha za majani makubwa, imelala kuelekea mbele. Mfalme alikuwa kichipukizi kikubwa kuliko vyote, ambacho majani yake ya nje yalishaanza kukauka na kujikunja. Wapanda farasi ndio walimsumbua. Alikata vipande vya ule mti mwepesi wa nguzo, akavipa miguu ya miiba, akapandisha mikonge juu yake. Asmahani aliwatazama kwa muda.

"Mimi ningejua ni farasi," akasema.

"Kwa sababu umeniona nikiwatengeneza."

"Ndiyo."

Maji ya mkonge yalimwasha vidole hadi viganjani. Alilala akijikuna, akaamka akijikuna, na Jumamosi saa mbili asubuhi alikuwa ameshafika kwenye ukumbi wa mashindano na sanduku lake kabla mlinzi hajafungua.

Walikuja watu kumi na wanne. Majeshi yalipangwa kwenye meza ndefu: meli za makuti, simba wa udongo, walinzi wa Asmahani na kanga zao. Mzee mmoja kutoka Pangani, Uweso, alileta askari waliochongwa kwa vifuu vya nazi, waliosuguliwa mpaka wakang'aa. Tahiri alipita na rula na daftari. Alipofika kwa Precious alivuta kiti, akakaa upande wa pili wa meza kama alivyoahidi. Precious alisimama, akakaa, akasimama.

"Hawa wana mapanga," Tahiri akasema. "Hawa mishale. Huyu mkubwa wao." Akapima vitako, vikafaa. Kisha akainama kwa wapanda farasi, akawatazama kwa mbele, akawatazama kwa ubavu. "Hawa ni nini?"

Ameuliza. Precious alijua kwamba akishauliza, imekwisha.

"Wapanda farasi."

"Nimedhani ni mashine, labda ile ya kiwanda cha mkonge inayokwangua majani, inayoitwa korona. Samahani, Precious. Wanane hawa watoke. Waliobaki wamefaa." Akaandika. Kisha, kabla ya kuinuka, akaongeza kwa sauti ya chini, "Wamefaa sana."

Kwa hiyo alicheza bila wapanda farasi, na mchezo wa kwanza alifungwa na Yasini wa Mombasa, ambaye farasi wake walimzunguka pembeni na hapakuwa na wa kuwazuia. Wa pili alishinda. Mpinzani, kijana wa chuo kutoka Moshi, aliangusha mikonge arobaini na akaiona ishirini ikirudi mstarini, akasema kwa uchovu, "Hivi vitu haviishi." Wa tatu walitoka sare. Akawa wa saba kati ya kumi na wanne. Tuzo ya jeshi lenye wazo bora alipewa Mzee Uweso, na Precious alipiga makofi pamoja na wengine, na kwa kweli vile vifuu vilistahili. Kisha akaanza kufunga sanduku lake, akijikuna viganja.

Mzee Uweso alikuja akasimama karibu naye.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Binti, haya mawazo ulianza na mkonge, au ulianza na kitu kingine?"

"Nilianza na watu."

"Wako wapi?"

"Mama yangu amewakataza kuja."

Mzee akaitikia kwa kichwa, hakuuliza zaidi. Alichukua kichipukizi kimoja kwa ruhusa, akasema atakipanda nyuma ya nyumba.

Jumatatu Bi Consolata alikuja, akaonwa na daktari, akapangiwa upasuaji mwezi unaofuata. Kabla ya kurudi Maramba alisimama dirishani, akagusa kichwa kimoja, kisha kingine.

"Nipe hawa," akasema.

"Wote?"

"Wote. Hapa wanafanya nini?"

Precious aliwafunga kwa pamba ndani ya sanduku la viatu, sitini na babu yake. Alidhani mama atawazika, au atawaweka juu ya kabati mpaka wavunjike wenyewe. Hakuuliza. Nyumba ilibaki na dirisha tupu, na kwa siku tatu alikuwa akilitazama kila alipopita, akitafuta cha kufanya na mikono yake. Alianza jeshi la walinzi wa waya kama la Asmahani, akaliacha Jumatano.

Ijumaa saa nne, akiwa kazini, simu ikaita. Ilikuwa mama.

"Yuko hapa Elizabeti," Bi Consolata akasema, bila salamu. Elizabeti alikuwa jirani yake, mjane wa mkata mkonge, mkubwa kwake kwa miaka kumi. "Amechukua watu wawili. Yule mwenye mzigo begani anasema ni mume wake, hataki kumrudisha. Nimemwambia ni wa mjukuu wa Lucas, anasema hata kama."

"Mwache amchukue, Mama."

"Ameshamchukua. Sasa ana malalamiko. Anasema wewe umefanya wanaume tu. Anasema, katani ilianikwa na nani? Ilipigwa brashi na nani? Watu sitini, mwanamke hata mmoja hayumo. Na mimi nimemwambia ana haki."

Precious alikuwa na meno ya mtu mikononi. Akayaweka juu ya meza. Kwa mkono wa pili alishavuta kipande cha nta kutoka kwenye droo, akaanza kukilainisha kwa kidole gumba.

"Walisimamaje wakianika? Mikono juu, au waliinama?"

"Nyaya zilikuwa hapa, kifuani. Mikono juu kidogo."

"Na nguo? Kanga waliifunga kiunoni au kichwani?"

"Kiunoni."

Sauti nyingine, ya mbali, ikasema siyo, kichwani, kwa sababu ya vumbi, kiunoni lilikuwa gunia.

"Gunia lilikuwa la wa brashi," Bi Consolata akamjibu.

"Consolata, wewe ulikuwa mtoto, umeona nini?"

"Nimekuona wewe."

Wakaendelea, wamemsahau. Precious aliibana simu kati ya sikio na bega, akawasha taa ya kuyeyushia nta, na kwa kuwa hawakuwa wamekubaliana bado kuhusu nguo, alianza na mikono.